Mhasibu Aliyesaini Hesabu Zangu Alikufa Miaka Sita Iliyopita

"Dada, mhasibu wako alishakufa."

Ofisa wa kodi alisema hivyo huku akipuliza chai yake, kama mtu anayekutajia bei ya nyanya.

Nikamwambia haiwezekani. Nimeongea naye leo asubuhi, saa mbili na robo, kwa dakika tatu. Simu yangu ina kumbukumbu.

Akageuza kompyuta nione mwenyewe.

Lilikuwa jina lilelile lililo kwenye muhuri wa hesabu zangu. Namba ya usajili ileile. Mwisho wa mstari kulikuwa na neno "marehemu" na tarehe. Miaka sita iliyopita.

"Sasa huyo aliyekupigia leo," akasema, "sijui anatumia mtandao gani huko aliko."

Mwenzake wa meza ya pili akaangua kicheko.

Mimi nilikuwa bado nimeshika barua yao.

Barua ilisema hesabu zangu za miaka minne zimefutwa, kwa kuwa zimesainiwa na mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo nimekadiriwa kodi kwa jinsi wanavyoona wao. Walivyoona ni mapato yote ya maabara yangu ya miezi kumi na minne, bila kula, bila kulipa pango.

Nina siku thelathini za kuweka pingamizi. Liambatane na hesabu mpya za miaka yote minne, zilizosainiwa na mhasibu aliyesajiliwa, mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, aliye hai.

Hilo la "aliye hai" ofisa aliliongeza kwa mdomo.

Nisipofanya hivyo, akaunti inafungwa. Akaunti ikifungwa, benki haipati rejesho la mkopo wa mashine ya kuhesabu chembe za damu. Benki isipopata, inauza dhamana.

Dhamana ni nyumba ya mama yangu. Na mama yangu yumo ndani.

Niseme kwanza mimi ni nani, ili msidhani ni mtu wa kudanganywa na njiwa wa kwenye kofia ya mfanya mazingaombwe.

Ni mtaalamu wa maabara. Nina maabara ndogo ya vipimo vya damu, vyumba vitatu. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa kike anayekaa mapokezi. Kazi yangu ni kutoa namba. Mtu akija na hofu zake nachukua damu, na baada ya nusu saa nampa namba.

Chupa ya vitendanishi, yaani dawa za kupimia, haiingii kwangu kabla sijapiga simu kiwandani kuhakiki namba ya toleo. Mashine ikitengenezwa, fundi ananionyesha cheti chake, na cheti nakihakiki. Wauzaji wananiita Mama Hakiki, na si kwa kunisifu.

Mhasibu je?

Mhasibu nililetewa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

"Shemeji, huyo jamaa ni kichwa," aliniambia. "Hesabu zake zimenyooka kama rula. Wewe na yeye mtaelewana, wote hamcheki."

Nilikwenda ofisini kwake, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fundi cherehani. Chumba kimoja, meza mbili. Meza kubwa ilikuwa karibu na dirisha, ina kibao cha jina, na nyuma yake kuna kiti kilichovikwa koti jeusi. Yeye alikaa meza ndogo, karibu na mlango. Ukutani kulikuwa na cheti cha CPA ndani ya fremu. Jina la kwenye cheti ndilo lilikuwa kwenye kibao.

Nilisoma cheti. Nilisoma hata tarehe.

Nikaona pia kwamba mtu mwenye meza kubwa anakaa meza ndogo. Nikajieleza mwenyewe: huyu ni mnyenyekevu, meza kubwa ameiacha kwa ajili ya mafaili.

Nilikuwa nimempelekea makaratasi ya miezi mitatu. Aliyapitia papo hapo, kwa kalamu ya risasi, kimya. Kisha akasema, "Hapa umejumlisha vibaya. Umejipunja."

Nikampenda palepale. Mtu anayenionyesha kosa langu ndani ya dakika kumi, ningetaka nini tena?

Nilimwita Mhasibu. Kila mtu alimwita Mhasibu. Kwa miaka minne sikuwahi kumwita kwa jina.

Nilipotoka ofisi ya kodi nilimpigia.

Simu imezimwa.

Nikapiga mara kumi na moja. Imezimwa.

Nikaenda. Mlango wa juu una kufuli. Nilibisha mpaka vifundo vya vidole vikauma, ingawa kufuli lilikuwa kwa nje na akili yangu ilikuwa inaliona.

Fundi cherehani akapanda ngazi na futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mama, unavunja mlango wa watu. Mhasibu kafunga leo saa nne. Kabeba begi, kanilipa hela yangu ya suruali, kaondoka."

"Kaenda wapi?"

"Kaingia mitini, nadhani. Mtu akikulipa deni kabla hujamdai, jua anaondoka."

Nikamuuliza swali la pili. "Lile koti jeusi kwenye kiti ni la nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya rangi gani.

"La marehemu bosi. Nililishona mimi. Alisema atalivaa akienda kustaafu. Hakufika. Huyu wenu alikuwa karani wake, miaka kumi na tisa."

Nilikaa kwenye ngazi.

Si kwamba nililia. Nilihesabu. Miaka minne, saini nne, na makaratasi yangu yote halisi, risiti, ankara na taarifa za benki, yako nyuma ya lile kufuli au ndani ya lile begi.

Siku ya pili nilimwambia mama.

Mama yangu aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi na hapendi utangulizi. Akauliza, "Siku ngapi?"

"Zimebaki ishirini na tisa."

"Sawa."

Akaendelea kumwagilia miche yake. Nikadhani hajaelewa.

Siku ya tano nikaenda kumjulia hali. Nikafungua kabati la vyombo nichukue kikombe. Kabati lilikuwa tupu. Vyombo vyote vilikuwa kwenye maboksi, kila sahani imezungushiwa gazeti, na juu ya boksi ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: SAHANI 24. BAKULI 9. VIKOMBE 11, KIMOJA HAKINA MKONO.

"Mama, unafanya nini?"

"Najiandaa. Sitaki kutolewa na vitu vyangu vikiwa mikononi mwa vijana wa mnada."

"Mama, bado hatujashindwa."

"Mwanangu, nimekuuliza siku ukaniambia siku. Hukuniambia tutashinda."

 Alikuwa anasema kweli. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba tutashinda.

Nikaanza kutafuta mhasibu.

Wa kwanza alitoka kwa shemeji tena. Mkinicheka mna haki.

"Shemeji, naomba unisamehe la kwanza," akasema. "Huyu wa sasa ni moto."

Moto mwenyewe alikuja na viatu vyenye ncha na simu tatu mezani. Hakufungua hata karatasi moja.

"Mama, hii kwangu ni siku tatu," akasema. "Pale ofisi ya kodi nina watu wangu. Wewe lete kitu kidogo cha kuwalainisha, ulale."

"Hesabu utazitoa wapi? Makaratasi sina."

"Hesabu zinaandikwa, mama. Zinaandikwa!"

Nilimfungulia mlango. Alipotoka nilimwambia shemeji kwamba akiniletea mtu wa tatu nitampima yeye damu kwa sindano ya ng'ombe.

Wa pili alikuwa na namba ya usajili ila alikuwa na kazi mpaka miezi miwili ijayo. Alisema hivyo dakika ya kwanza. Nikamheshimu na nikachanganyikiwa zaidi.

Siku ya nane nikaambiwa na daktari mmoja anayenitumia wagonjwa: yupo mama fulani, mkavu, hana utani, lakini kasajiliwa. Kesho yake, kabla ya kwenda, nikapiga simu bodi ya wahasibu. Nikataja jina, nikataja namba. Sauti upande wa pili ikanisomea: mwaka aliosajiliwa, leseni ya mwaka huu imelipiwa, hana shauri lolote, yuko kazini.

Simu ilichukua dakika nne.

Nilibaki nimeitazama simu. Dakika nne ambazo kwa miaka minne sikuzitoa.

Huyo mama, mdogo wangu alimpa jina siku ya kwanza: Bi Msumari. Mfupi, miwani kwenye kamba, na ukimwambia jambo hajibu mpaka amalize kulifikiria.

"Utanishindia?" nilimuuliza. Aibu yangu, mimi ndiye niliyeuliza swali hilo.

"Sijui. Makaratasi yako wapi?"

"Sina."

"Anayekuahidi ushindi bila makaratasi si mhasibu, ni mganga. Wapo, nenda kwao."

"Mama, nina siku ishirini na mbili. Nyumba ya mama yangu inauzwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Pole. Sasa acha kunieleza nyumba, nieleze maabara. Mgonjwa akiingia mlangoni, kitu cha kwanza kinachoandikwa ni nini?"

Nikamweleza. Mgonjwa anapewa namba ya sampuli. Namba inaandikwa kwenye daftari la sampuli, na kipimo, na saa. Daftari halitoki maabara. Sheria yangu. Yapo yote, tangu siku ya kwanza.

Kwa mara ya kwanza akaweka kalamu kwenye karatasi.

"Kumbe unayo makaratasi. Umezoea kuyaita jina lingine."

Kabla ya kuanza alinipa barua ya makubaliano ya kazi, kurasa mbili. Inaeleza atakachofanya, asichofanya, nitakachomletea, malipo yake, na siku atakayoweza kuniacha.

"Soma."

Nikafika mwisho, nikachukua kalamu.

"Hujasoma. Umepitisha macho. Mstari wa tisa unasemaje?"

Sikujua. Nikarudi. Mstari wa tisa ulisema akikuta nimemficha jambo, anaondoka siku hiyohiyo na haandiki lolote kwa niaba yangu.

"Umewahi kupima mtu bila kumwandika?"

"Hapana."

"Usinijibu haraka."

Nikafikiri. "Ndugu. Mama yangu sukari kila mwezi. Watoto wa mdogo wangu. Wanaandikwa kwenye daftari lakini hawalipi."

"Hilo nalitaka. Hiyo 'hapana' ya haraka siitaki."

Tukaanza. Asubuhi napima watu, saa saba nafunga mlango, tunakaa na madaftari mpaka saa kumi na mbili. Njia yake ilikuwa hii: daftari la sampuli lituambie vipimo vingapi vilifanyika, bei ituambie mapato, benki ituambie kilichoingia. Na ili ofisi ya kodi isiseme daftari limepikwa, vitendanishi vithibitishe daftari. Boksi moja la vitendanishi vya sukari linapima mara mia. Muuzaji ana nakala za ankara zote. Basi idadi ya maboksi inajua idadi ya vipimo, hata kama mimi ningekuwa mwongo.

Nilipoisikia njia hiyo nilipata matumaini. Ilikuwa akili ya maabara kabisa.

Siku ya kumi na saba akaweka kalamu chini.

"Mwite mdogo wako."

Mdogo wangu akaja anafuta mikono.

"Maboksi yaliyotumika ni mia moja na thelathini na sita," akasema Bi Msumari. "Vipimo elfu kumi na tatu na mia sita. Daftari lina elfu kumi na moja mia moja sitini na tisa. Pungufu elfu mbili mia nne thelathini na moja. Kuna watu elfu mbili na mia nne wamepimwa sukari humu na daftarini hawamo. Ama wewe ni mwizi wa kodi, ama unaibiwa."



Hela inapokelewa na mtu mmoja tu. Mapokezi.

Niligeuza kichwa nikamtazama mdogo wangu.  

"Dada," akasema.  "Dada, unaniangalia hivyo mimi?"

"Nauliza tu."

"Hujauliza! Ungeuliza ningekujibu. Wewe una macho ya kumwona mdudu asiyeonekana na mtu, lakini mimi unayeniona kila siku hunioni."

Akavua koti la kazi, akalitundika vizuri, akaondoka.

Bi Msumari akakusanya kalamu zake. "Mstari wa tisa," akasema. "Nakupa mpaka kesho saa tano."

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Nyumba inakwenda, mhasibu anakwenda, na mdogo wangu nimeshampoteza, na hata sijui kama ni kwa haki.  Nikajiambia ukweli mtupu: kama ni mwizi, nyumba inauzwa. Kama si mwizi na siwezi kuonyesha pengo limetoka wapi, nyumba inauzwa vilevile.

Asubuhi nikafungua maabara peke yangu. Nikawasha mashine ya sukari. Nikafanya ninachofanya kila asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia: nikachukua vichupa viwili vya kuhakiki mashine, kimoja cha sukari ya chini na kimoja cha sukari ya juu, nikavipima, nikaandika majibu kwenye kijitabu cha mashine, nikaweka herufi za mwanzo za jina langu.

Nikaganda na kalamu mkononi.

Vipimo viwili. Kila asubuhi. Vinakula vitendanishi, na si vya mgonjwa yeyote.

Nikavuta vijitabu vyote vya mashine vya miaka ile minne. Nikahesabu mistari, nikarudia kuhesabu. Siku za kazi, elfu moja mia mbili na sita. Mara mbili: elfu mbili mia nne na kumi na mbili.

Bi Msumari alipoingia saa tano nilikuwa sijakaa. Akahesabu mwenyewe, mstari kwa mstari. Hakukubali hesabu yangu.

"Bado kumi na tisa," akasema.

"Zilizomwagika. Zilizorudiwa. Miaka minne, mama!"

"Una ushahidi wa kumwagika?"

"Sina."

"Basi tunaandika: kumi na tisa hazina maelezo. Hesabu isiyo na tundu hata moja naiogopa, na watu wa kodi wanaiogopa zaidi."

Kisha akafunga daftari. "Sasa nenda kwa mdogo wako. Na usiende na namba."

Nilikwenda. Yaliyosemwa huko hayawahusu. Alirudi kazini baada ya siku tatu, akavaa koti lake, akaniamkia kama mteja.

Siku ya ishirini na nne fundi cherehani akapiga simu.

"Mama, njoo uchukue mzigo wako. Nimeamka nimekuta maboksi manne mlangoni, yana jina lako. Sijafungua. Mimi ni fundi, si mpelelezi."

Yalikuwa makaratasi yangu. Yote. Juu ya kila boksi kuna orodha ya vilivyomo kwa mwandiko wa kalamu ya risasi ninaoujua. Hakuna barua, hakuna samahani.

Nilitaka kuyatumia hapohapo. Bi Msumari akakataa.

"Tumalize kwa njia yetu kwanza. Yake tutaifungua mwisho."

Tukamaliza siku ya ishirini na saba. Ndipo akafungua maboksi, akaweka hesabu za karani upande wa kushoto na zetu upande wa kulia. Zetu zilitoka kwenye madaftari na vitendanishi. Zake zilitoka kwenye risiti na benki. Hazikuwahi kuonana.

Kwa miaka minne zilitofautiana kwa wagonjwa watatu.

Watatu!

Bi Msumari alivua miwani. "Huyu mtu alijua kazi," akasema polepole, kama mtu anayekiri ugonjwa. "Shetani gani alimwingia asaini jina la maiti?"

Wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, na halikuwa na kosa la maana. Nilikosa mtu wa kusimama nyuma yake na kusema, niulizeni mimi.

Bi Msumari alinisomesha kila ukurasa kabla ya kusaini. Tuliwasilisha pingamizi siku ya ishirini na tisa, saa nane mchana. Ofisa yuleyule wa chai akapokea, akaangalia saini, akauliza, "Huyu anapumua?"

"Napumua, mwanangu," Bi Msumari akajibu nyuma yangu. "Gonga muhuri."

Majibu yalichukua wiki sita. Makadirio yalifutwa. Kodi niliyokuwa nimelipa ndiyo iliyostahili. Lakini hesabu zilizosainiwa na mtu asiyesajiliwa zinahesabika kama hazikuletwa, kwa hiyo miaka yote minne nilikuwa nimechelewa, na adhabu ya kuchelewa haina pingamizi.

Nililipa kwa kuuza mashine ya damu. Benki ilikubali, hospitali moja ikanunua, hela ikamaliza mkopo na adhabu, haikubaki hata ya kununulia kiti. Hati ya nyumba nilimrudishia mama mkononi. Akaihesabu kurasa.

Sasa nahesabu chembe za damu kwa hadubini, kwa jicho, kama nilivyoanza miaka kumi iliyopita.

Mngedhani imeishia hapo.

Mwezi uliofuata bodi ya wahasibu iliniita nitoe maelezo dhidi ya yule karani. Nilikwenda kwa furaha, sitawadanganya. Nilikuwa nimeandika kurasa sita.

Nilipomaliza nikamuuliza mwanasheria wa bodi, "Mlimgunduaje? Nani alimripoti?"

Akafungua faili, akaligeuza upande wangu.

Lilikuwa ombi la usajili. Kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, uliopitiwa juu kwa wino. Limeambatishwa na matokeo ya mtihani wa mwisho wa CPA: amefaulu, jaribio la tisa. Katika ukurasa wa tatu fomu inauliza: "Je, umewahi kutoa huduma za uhasibu kwa umma bila kusajiliwa?"

Alikuwa ameweka alama kwenye "ndiyo". Na kwa kuwa fomu ilisema "kama ndiyo, eleza", alieleza. Karatasi mbili. Wateja kumi na saba, kila mmoja na mwaka wake. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili.

Alijiripoti mwenyewe, na bodi ndiyo iliyoitaarifu ofisi ya kodi. Angeandika "hapana", leo angekuwa na CPA yake halali, na mimi nisingejua kitu.

Nilimkuta kwenye benchi ya korido akisubiri kuitwa. Amekonda. Alinyanyuka.

"Shikamoo, dada." Ananizidi miaka kumi na tano.

Sikuitikia. "Watu kumi na saba," nikamwambia. "Watatu wamefunga biashara. Mama yangu alifunga vyombo kwenye magazeti. Kwa nini hukuniambia mimi kwanza, hata kwa siku moja?"

"Niliogopa. Asubuhi ile nilikupigia nikuambie. Nikaishia kukuuliza habari za stakabadhi."

"Lakini bodi hukuiogopa?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri sikuzote.

"Bodi iliuliza, dada. Nilipoulizwa nilishindwa kuandika uongo. Miaka yote ile nilikuwa naomba mmoja wenu aniulize, 'Wewe ni nani?' Hamkuuliza. Na mimi sikuwa na ujasiri wa kujibu nisichoulizwa."

Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Bodi ilimnyima usajili maisha yake yote. Kesi ya mahakamani bado. Nitakwenda kutoa ushahidi, na nitasema yote mawili: kwamba alighushi, na kwamba hesabu zake zilikuwa safi. Hakimu atajua la kufanya nayo.

Kwa ninyi mnaosoma na mna biashara.

Damu ya mgonjwa ina kila kitu ndani yake, lakini ukiipima sukari itakujibu sukari. Haitakuambia habari ya ini kwa hiari yake, hata kama ini linaoza. Uongo hapo haupo. Hukuagiza kipimo hicho, basi.

Mhasibu ni vilevile. Kabla hujampa karatasi ya kwanza, mtazame usoni umuulize: jina lako nani, namba yako ngapi, umesajiliwa, atakayesaini ni wewe? Akishajibu, ipigie bodi yake.

Wengi wanaogopa kwamba wataonekana wana dharau. Mimi niliogopa hivyohivyo, na yule niliyemwonea haya alikuwa amekaa pale akisubiri niulize.